Kisu Kilichofungiwa Kabatini

Mtu mmoja alikuwa na ng'ombe dume na ulimi mrefu. Dume alimfunga zizini kila jioni kwa kamba ya katani. Ulimi hakuufunga, na habari yenyewe inaanzia hapo.

Jina lake Elisifa Mkwizu, na kijiji chake Mkanyeni, juu mlimani, mahali ambapo watu hulima tangawizi na ukungu huingia mpaka jikoni. Watu wa Mkanyeni ni wa dini mbili na ukoo mmoja. Utamkuta Zakaria anakwenda kanisani Jumapili, na binamu yake, Zakaria vilevile, anakwenda msikitini Ijumaa, na wote wawili wamerithi pua ya babu mmoja. Kwa sababu hiyo waliotangulia waliweka desturi rahisi: mnyama wa sherehe huchinjwa na Mwislamu, ili kila atakayekula asiwe na neno moyoni. Kabla chungu hakijatelekwa, mpishi mkuu humwuliza mwenye sherehe mbele ya watu wote, "Nani kachinja?" Naye hutaja jina. Jina likikubalika, moto unawashwa. Jina likikosekana, wageni hula wali na maharage, wanaaga kwa adabu, na sherehe hiyo husimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Mchinjaji wa Mkanyeni alikuwa Mbaraka Senkondo, mkulima wa tangawizi aliyepakana na Elisifa shamba kwa shamba, mtu mwembamba mwenye mzaha mwingi. Malipo hakuchukua. Haki yake ilikuwa shingo ya mnyama, basi. Alichinja siku Elisifa alipooa. Mbuzi wa ubatizo wa kila mtoto wa Elisifa walipita mkononi mwake. Hata siku baba yake Elisifa alipozikwa, Mbaraka ndiye aliyechinja, machozi yakimtoka huku kisu kiko mkononi. Binti mkubwa wa Elisifa, Namkunda, alimwita baba mdogo tangu alipoanza kusema.

Mwaka ule Elisifa akautaka udiwani. Kuutaka si kosa. Taabu ilikuwa mpinzani wake: mwalimu mstaafu, mama wa Kiislamu aliyewafundisha nusu ya kijiji kusoma, na ubaya wa mpinzani wa namna hiyo ni kwamba huna la kumsema. Yeye akiahidi maji, Elisifa naye anaahidi maji. Akiahidi barabara, Elisifa anaahidi barabara ileile, labda na kalvati moja zaidi. Watu waliwasikiliza wote wawili wakipiga miayo. Ndipo Elisifa akatambua jambo ambalo wanasiasa wengi hulitambua mapema kuliko yeye, kwamba maji yanahitaji bomba na barabara inahitaji greda, lakini hofu haihitaji kifaa chochote ila mdomo. Mdomo alikuwa nao.

Siku ya gulio akapanda juu ya meza ya muuza vitunguu, akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi si mbaguzi. Wenzetu wale mnawajua. Nimekula nao, nimecheka nao. Lakini nauliza tu. Mtu amevaa kanzu, ameamka kabla ya jogoo, anapita njiani na kisu kimenolewa. Anakwenda wapi? Mimi nauliza tu. Tena akija kwako hatakuja kama adui. Atakuja amejifanya jirani. Atakuita kwa jina. Msidanganyike."

Sasa, kila mtu pale gulioni alijua mtu huyo anakwenda wapi. Alikuwa anakwenda kwa Elisifa, kuchinja. Walikuwa wameila nyama hiyo, na wengine walikuwa wamebeba ya kupeleka nyumbani kwenye majani ya mgomba. Hata hivyo walipiga makofi. Kwanza walipiga wachache waliosimama mbele, kisha wakapiga waliotaka kuonekana wamesikia, kisha wakapiga wengi. Makofi yalipokwisha, umati uliokuwa mmoja ulikuwa umejitenga. Wenye kofia walikuwa wamebaki peke yao upande wa wauza mitumba, na katikati kulikuwa na kipande cha ardhi kitupu ambacho hakuna aliyeamriwa kukiacha.

Elisifa alishuka mezani amelewa, na pombe hakuonja. Alikuwa amesema maneno machache tu, tena kwa namna ya kuuliza, na mtu hashitakiwi kwa kuuliza. Siku zilizofuata aliyarudia maneno yaleyale kwenye kila kilabu na kila kona, mpaka sauti ikamkauka, akawa anakoroma kama redio ya betri zilizokwisha. Akaunda na kikosi cha ulinzi cha kukesha njia panda. Mkuu wa kikosi alikuwa Ombeni, mwendesha mashine ya kusaga, mtu wa nguvu nyingi na maswali machache, ambaye alikuwa amekariri hotuba nzima bila kuacha hata kikohozi.

Harusi ya Namkunda ilikuwa Jumamosi ya juma lile. Elisifa hakuisahau harusi. Baba gani anasahau harusi ya binti yake? Alichosahau ni desturi. Wakwe walikuwa wanatoka ng'ambo ya mlima, watu wengi na wenye heshima zao, na mjomba wa bwana harusi alikuwa sheikh. Dume alikuwa amenenepeshwa kwa ajili ya siku hiyo tangu akiwa ndama.

Mke wake ndiye aliyekumbuka. Mama Namkunda alikuwa anachambua mchele, akauliza bila kuinua kichwa, "Mbaraka umeshamwambia aje saa ngapi?"

Elisifa akanyamaza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunyamaza tangu kampeni ianze, na mkewe akaacha kuchambua mchele.

"Nitamwambia uchaguzi ukipita," akasema.

"Uchaguzi ni mwisho wa mwezi, Baba Namkunda. Dume tutamla Jumamosi."

Namkunda, aliyekuwa anajaribu viatu vya harusi mlangoni, alimtazama baba yake. Hakulia wala hakugomba. Alisema tu, "Kama baba mdogo Mbaraka hatakuwapo, mimi nitawatazamaje wakwe zangu?" Kisha akavivua viatu vile akavirudisha kwenye boksi. Elisifa aliumia, maana alimpenda sana binti yake, na aliona vile viatu vinavyorudi kwenye boksi.

Akaenda kwa Mbaraka. Njia ilikuwa fupi lakini alijikwaa mara nyingi. Alimkuta jirani yake anaosha tangawizi kwenye beseni, mkewe yuko karibu anapanga zilizokauka. Mke wa Mbaraka alimwona Elisifa, akainuka, akaingia ndani. Mbaraka akafuta mikono.

"Karibu, mheshimiwa."

Neno hilo lilimkaa vibaya Elisifa. Miaka yote hiyo alikuwa Baba Namkunda. Alikuwa amelitafuta hilo neno "mheshimiwa" kijiji kizima, na sasa amelipata mahali pamoja ambapo hakulihitaji. Akaeleza shida yake kwa maneno mengi, kama kawaida yake, akapitia hali ya hewa, bei ya tangawizi na afya ya dume, mpaka akafika kwenye kisu.

"Kisu?" Mbaraka akasema. "Kisu sina."

"Huna vipi?"

"Nilikuwapo gulioni, mheshimiwa. Niliposikia habari za yule mtu wa kabla ya jogoo nikaogopa sana. Nikafika nyumbani nikachungulia chini ya kitanda, kumbe kisu chenyewe ndicho changu. Usiku sikulala. Asubuhi nikakipeleka serikalini. Mambo ya usalama si ya mzaha."

Na kweli alikuwa amekipeleka. Mtendaji wa kijiji, Bi Tusekile, mama wa Kinyakyusa aliyehamishiwa kule, alikuwa amekipokea kwa mikono miwili, akakifungia kwenye kabati la chuma pamoja na muhuri wa kijiji, majani ya chai na mpira wa netiboli uliopasuka. Kufuli likalia. Sharti la Mbaraka lilikuwa moja: kisu kitatoka siku mgombea atakapokuja mwenyewe kusema mbele ya watu kwamba hakiogopi.

"Niseme mbele ya watu?" Elisifa akauliza.

"Si ulisema mbele ya watu kwamba unaogopa?"

Elisifa akacheka, akitumaini kwamba ni utani na kwamba utaishia hapo. Mbaraka hakucheka. Aliokota tangawizi moja akaigeuzageuza mkononi, na alipozungumza mzaha ulikuwa umemtoka.

"Mke wangu alikwenda bombani jana. Wanawake wenzake walizisogeza ndoo zao mbali na yake. Hawakumtukana. Walisogeza ndoo tu. Amechota maji pale tangu alipoolewa." Akairudisha tangawizi kwenye beseni. "Mimi ningechinja dume wako hata leo. Lakini mkono unaochinja uwe mkono unaoaminiwa. Nenda kaseme, mimi nipo."

Elisifa alirudi kwake akihesabu kura kichwani. Akikanusha maneno yake, Ombeni na wenzake watasemaje? Akatuma watu vijiji vya jirani kutafuta mchinjaji mwingine. Majibu yalirudi yote yanafanana, yenye salamu nyingi: wachinjaji wa kule walikuwa wamesikia mwenzao amekabidhi kisu, nao wameona wakae mbali na njia za Mkanyeni wasije wakawatisha wananchi. Wanamtakia bibi harusi kheri na baraka.

Mdomo huponza kichwa, na kichwa kikishaponzwa huwa kinatafuta ujanja badala ya kutafuta msamaha. Ijumaa jioni, huku wageni wa kwanza wanafika na wanawake wanaosha masufuria, Elisifa alifungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, katikati ya vidonge vya kufukuza nondo, palikuwa na kanzu nyeupe na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Mbaraka alimpa vitu hivyo mwaka alipomwoza kijana wake mkubwa, ili siku ile wavae sare kama ndugu. Elisifa akaitazama kanzu ile kwa muda. Angeweza kuaibika hapo hapo, na mambo yangeishia sandukuni. Lakini aliona kitu kingine: ataivaa kabla hakujapambazuka, atamchinja dume mwenyewe, wapishi watamwona kwa mbali kwenye ukungu, na asubuhi atasema kwamba mchinjaji alikuwa mgeni kutoka bondeni, mtu mwenye haraka, amesharudi zake. Kusema uwongo juu ya Waislamu alikuwa ameshazoea. Sasa alikuwa tayari kuwalisha huo uwongo kwenye sahani, sheikh mzima wa watu akiwamo. Ndivyo mtu anavyoshuka, na kila ngazi anaiona fupi.

Sherehe ilipangwa kufanyika uwanja wa shule, kwa kuwa ua wa Elisifa haukutosha, na dume alikuwa ameshapelekwa huko na kufungwa kwenye nguzo ya goli. Kwa hiyo ilimlazimu kutembea. Alitoka kabla ya jogoo. Kanzu ilikuwa imembana tumboni, maana ilishonwa siku ambazo hakuwa anakula chakula cha kampeni. Mkononi alikuwa na kisu cha jikoni, kile cha kukatia mkate, alichokinoa kwenye ngazi ya mlango mpaka mbwa wakabweka.

Ukungu ulikuwa mzito. Karibu na njia panda akauparamia mfereji wa shamba la tangawizi, akaanguka kifudifudi kwenye tope, akainuka hana uso. Kanzu ilibaki nyeupe mgongoni. Kofia aliiokota akaivaa. Na kisu, kwa bahati yake mbaya, hakikumtoka mkononi.

"Simama hapo hapo!"

Alikuwa Ombeni. Nyuma yake walikuwa walinzi wengine wenye fimbo, wamekesha juma zima bila kumwona hata paka mwenye nia mbaya, na sasa hatimaye wamemwona mtu waliyeahidiwa. Amevaa kanzu. Ameamka kabla ya jogoo. Ana kisu kimenolewa.

"Ombeni, ni mimi," Elisifa akakoroma kwa ile sauti yake iliyokauka.

"Kanijua jina," Ombeni akawaambia wenzake. "Mheshimiwa alisema ataniita kwa jina."

"Ni mimi Elisifa. Jirani yako."

"Na alisema utajifanya jirani."

Wakamnyang'anya kisu wakamzunguka. Elisifa akajaribu kueleza, na kila alilolieleza lilikuwa limeshakatazwa na yeye mwenyewe. Akisema anakwenda kuchinja, wanajibu kwamba hilo ndilo wanaloliogopa. Akisema yeye ni mtu wa amani, wanasema wote husema hivyo. Akisema wamulike uso wake, wanamulika, wanaona tope. Na hata bila tope sidhani wangeuona uso, kwa sababu walikuwa wanatazama kanzu.

Mmoja mwenye busara kidogo akasema, "Tumpigie mheshimiwa mwenyewe simu." Wakapiga. Simu ikalia ndani ya kanzu.

Wote wakaisikiliza inavyolia. Ulikuwa ule wimbo wa kampeni.

"Amemwibia mheshimiwa simu," mmoja akasema.

"Kaiba simu tu?" Ombeni akasema polepole, huku akikitazama kile kisu. "Mheshimiwa mwenyewe yuko wapi? Amemfanya nini?"

Hapo mchezo ukaisha. Filimbi ikapigwa, yowe likapigwa, watu wakatoka majumbani na mashuka yao mabegani. Mmoja akaokota jiwe. Mwenzake akaona kuna mtu ana jiwe, akaokota lake. Waliotoka nyuma hawakujua kuna nini, lakini walisikia neno "kanzu" na neno "kisu" wakaona inatosha. Elisifa alipiga magoti kwenye njia, akataka kupaza sauti na sauti hakuwa nayo. Aliogopa. Juma zima alikuwa ameuza hofu bila kuionja, na sasa kwa mara ya kwanza alijua ilivyo: kwamba unaweza kusema ukweli wote, tena kwa jina lako halisi, na usimpate hata mtu mmoja wa kukuamini.

Wakati huo watu walikuwa wanatoka msikitini. Waliposikia yowe lile na neno kanzu, wenzake Mbaraka walimshika mkono wakamwambia wapitie njia ya chini. Njia panda siku hizi haimfai mtu aliyevaa kama wao. Walikuwa na haki ya kuogopa. Mbaraka naye aliogopa. Lakini alitoa mkono wake taratibu, akaenda, kanzu yake mwilini na kurunzi mkononi. Watu wakampisha, maana hawakutegemea mwenye kanzu wa pili aje mwenyewe.

Alimulika. Aliona tope. Kisha akaona kanzu, akaona upindo wa kola ulioshonwa na mkewe mwenyewe kwa uzi wa bluu kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Akaitazama kwa kitambo, na ninyi jiulizeni wenyewe yaliyopita moyoni mwake kitambo hicho. Neno moja tu lilihitajika ili jirani yake avune alichopanda. Hata neno halikuhitajika. Angepita tu.

"Unamfahamu huyu?" Ombeni akauliza. "Ni wa kwenu?"

"Ni wa kwetu," Mbaraka akasema. "Ni jirani yangu, hana nia mbaya kwa mtu yeyote, na mimi namdhamini."

Akachukua kitambaa chake cha begani akamfuta Elisifa uso, kama mtu anavyomfuta mtoto. Tope lilipotoka, mgombea akaonekana. Mawe yakaanza kuanguka chini moja moja, yakitua polepole, kwa kuwa hakuna aliyetaka lake lisikike.

Ombeni alikuwa amechanganyikiwa kwa dhati. "Lakini mheshimiwa, ulisema mtu wa kanzu mwenye kisu..."

"Najua nilichosema, Ombeni."

"Basi anakwenda wapi? Maana uliuliza, hukutujibu."

Elisifa akasimama. "Alikuwa anakuja kwangu," akasema. "Miaka yote alikuwa anakuja kwangu, kunichinjia."

Kulikuwa kunapambazuka. Wakaenda wote ofisini kwa mtendaji, umati mzima, na Mama Namkunda akawakuta njiani, akamtazama mumewe kutoka kofia hadi miguu, asiseme kitu. Alikuwa ameshamwambia yote alipokuwa anachambua mchele. Bi Tusekile akatoka na kofia yake ya sufu, kwa kuwa baridi ya kule hajawahi kuizoea. Elisifa akasimama barazani na kanzu yake ya tope, bila kipaza sauti.

"Siogopi kisu cha Mbaraka," akasema. Halafu akaona hilo halitoshi, kwa sababu lilikuwa bado linanuka ushujaa, akaongeza la kweli. "Sijawahi kukiogopa hata siku moja."

"Kwa nini basi ulisema unakiogopa?" Bi Tusekile akauliza, ufunguo mkononi.

"Nilitaka kura."

Kuna walioangua kicheko, na kuna waliotazama chini, hasa waliopiga makofi wa kwanza. Kufuli likafunguliwa. Mbaraka akapokea kisu chake, akakipuliza vumbi la majani ya chai, akaenda uwanjani, akamchinja dume kama ipasavyo, na jua likatoka.

Mpishi mkuu akasimama mbele ya wakwe, mwiko kiunoni. "Nani kachinja?"

"Mbaraka Senkondo," Elisifa akajibu, na ile sauti iliyokauka ikajitahidi kufika mpaka mwisho wa uwanja. "Jirani yangu." Moto ukawashwa. Namkunda alikuwa amevaa viatu vyake, na sheikh wa watu alikula, akaomba aongezewe.

Wakati wa kugawa haki za watu, Elisifa mwenyewe alimletea Mbaraka shingo ya dume kwenye sinia, ameishika kwa mikono miwili. Mbaraka akaisukuma pembeni.

"Shingo kaa nayo, Baba Namkunda, leo nusura uipoteze. Mimi leo nipe ulimi."

Akapewa ulimi. Ulikuwa mrefu kuliko ilivyodhaniwa, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Elisifa akacheka nao, machozi yakimtoka, ya kicheko na ya mengine.

Udiwani aliukosa. Wapo wanaosema aliukosa kwa sababu ya hotuba, na wapo, ambao ni wengi kuliko mngependa, wanaosema aliukosa kwa sababu aliikana. Maana dume akivunja zizi utamrudisha kwa kamba, lakini hofu hairudi kwa kuitwa na aliyeifungulia. Ombeni anakesha njia panda mpaka leo. Ameambiwa aache, anasema atafikiria. Jumapili ile baada ya ibada Mama Namkunda alibeba ndoo yake bombani, akaitua kando ya ndoo ya mke wa Mbaraka, ubavu kwa ubavu. Wanawake wengine wakatazama. Wawili wakasogeza zao karibu. Waliobaki bado hawajasogeza.

Basi, ninyi mliosikiliza: kisu cha Mbaraka kilikuwa kabatini juma lile zima, kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko serikalini. Kijiji kilikatwa vipande viwili na nini? Mimi nauliza tu.